Charambe walishinda michezo yote minne, kombe likaenda Kizuiani: tatizo ni sanaa au hesabu?

SWALI: Jumuiya yetu ya wakazi hapa Mbagala ina matawi manne: Charambe, Kizuiani, Rangi Tatu na Zakhem. Kila mwaka tunafanya mashindano ya ridhaa. Upande wa michezo kuna mpira wa miguu, netiboli, kuvuta kamba na bao. Upande wa sanaa kuna ngoma, kwaya na ushairi. Mwenye pointi nyingi kwa jumla anachukua kombe. Kwenye michezo wa kwanza anapata pointi 10, wa pili 7, wa tatu 5, wa nne 3. Kwenye sanaa kuna majaji watatu, kila mmoja anatoa alama zisizozidi 10, tunajumlisha zote tatu na hiyo jumla ndiyo pointi za tawi. Mwaka jana Charambe waliongoza michezo yote minne na Kizuiani wakawa wa pili kote, lakini Kizuiani waliongoza sanaa zote wakachukua kombe kwa 96 dhidi ya 91. Vijana wa Charambe wakarusha viti. Wanasema sanaa ni upendeleo mtupu, na kwamba ngoma ya Kizuiani ilipigwa na mamluki wanaolipwa hotelini. Sasa nusu ya kamati inataka sanaa itolewe kwenye pointi, nusu inataka majaji kutoka nje. Mimi ndiye katibu, nina miaka 31, na wazee bado wananiona mtoto. Nimekuandikia alama zote za matawi haya mawili. Kikao ni mwezi ujao. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu katibu, pole kwa yaliyowakuta, na asante kwa kuniandikia alama zote. Wengi wanaoniuliza mambo ya mashindano hunisimulia ugomvi tu, alama hawana. Wewe umezitunza, na kwa sababu hiyo naweza kukujibu kwa uhakika.

Wasiwasi wako, nikikuelewa vizuri, ni kwamba jumuiya itavunjika kwa sababu watu wa michezo na watu wa sanaa hawawezi tena kukaa chini ya kombe moja. Kabla hujakubali hilo, naomba ulitenganishe jambo hili mara tatu, maana kwenye kamati yenu limepikwa chungu kimoja. Kuna suala la hesabu. Kuna suala la nani ana haki ya kushiriki. Na kuna suala la majaji kuaminika. Kila moja lina dawa yake, na dawa ya moja haitibu jingine. Ukileta majaji kutoka Upanga hesabu itabaki mbovu vilevile, na ukifukuza mamluki wote yule jaji wa tatu bado atakuwa anaamua kombe peke yake. Huyo jaji nitamrudia.

Nianze na hesabu, kwa sababu ndiko moto ulikoanzia.

Charambe walishinda mara nne, wakapata pointi 40. Kizuiani walikuwa wa pili mara nne, wakapata 28. Kwa hiyo wiki nzima ya jasho, fainali ya mpira ikiwemo, iliwapa Charambe uongozi wa pointi 12. Sasa tazama ngoma peke yake. Kizuiani 25, Charambe 17. Ngoma moja, labda dakika ishirini uwanjani, imetoa tofauti ya pointi 8, wakati fainali ya mpira ilitoa tofauti ya 3. Ongeza kwaya, 21 kwa 18, na ushairi, 22 kwa 16, na uongozi wote wa Charambe umeliwa ukabaki upungufu wa 5.

Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo, naamini kabisa. Yaelekea mlianza na michezo, mkaiwekea ngazi ya 10, 7, 5, 3, kisha sanaa ikaja baadaye na karatasi zake za majaji, na mtu akaona njia nyepesi ni kujumlisha. Lakini ngazi ya michezo ina kimo cha 10, na ngazi ya sanaa ina kimo cha 30. Ukijumlisha vitu vilivyopimwa kwa mizani mbili tofauti, mizani yenye vipande vikubwa ndiyo inayosema. Ni kama kuchanganya bei ya nyanya za fungu na za tenga kwenye hesabu moja halafu ukashangaa faida imepotelea wapi.

Vijana wa Charambe walihisi dhuluma na hawakuweza kuitaja, wakaiita upendeleo. Hisia yao ilikuwa na msingi. Jina waliloipa ndilo lisilo sahihi, na viti vile havina utetezi wowote.

Sasa nikueleze jambo ambalo litakuweka pabaya kidogo. Nimezifanya upya hesabu zenu kwa kuipa sanaa ngazi ileile ya 10, 7, 5, 3. Kizuiani, waliokuwa wa kwanza katika sanaa zote tatu, wanapata 30, jumla 58. Charambe, kwa nafasi ulizoniandikia, wa tatu kwenye ngoma na wa pili kwenye kwaya na ushairi, wanapata 19, jumla 59. Yaani kombe lingekwenda Charambe kwa pointi moja.

Usilichukue kombe la Kizuiani. Nasema hivi kwa uzito wote. Waliingia uwanjani kwa kanuni ambazo matawi yote manne, Charambe wakiwemo, walizikubali, na kanuni haibadilishwi baada ya filimbi ya mwisho. Ukifungua matokeo ya mwaka jana, yatafunguliwa na ya mwaka juzi, na kila mwaka kitakachoshindaniwa kitakuwa rufaa. Lakini hesabu hiyo ionyeshe kwenye kikao, waziwazi, ili Charambe wajue hawakuwa wendawazimu na Kizuiani wajue kombe lao lilitokana na kanuni iliyokuwepo, hawakuiba kitu. Nimeona mabaraza ya wazee yakitulia kwa karatasi moja ya hesabu baada ya miezi ya kurushiana maneno.

Nije kwa yule jaji wa tatu. Alama za ngoma ulizonipa ni hizi. Jaji wa kwanza: Kizuiani 8, Charambe 7. Jaji wa pili: Kizuiani 7, Charambe 8. Jaji wa tatu: Kizuiani 10, Charambe 2. Wawili wa mwanzo, ukiwaweka pamoja, wametoka sare. Tofauti yote ya pointi 8 imetoka mkononi mwa mtu mmoja.

Watu wataruka na kusema amehongwa. Inawezekana, lakini mimi nimekaa kwenye meza za majaji miaka mingi na maelezo ya kawaida ni mengine. Binadamu hatutumii alama kwa namna moja. Utakumbuka shuleni kulikuwa na mwalimu ambaye insha nzuri kwake ni 14 kwa 20 na mbaya ni 11, na kulikuwa na mwingine aliyetoa 19 na 3 darasa hilohilo. Wote wawili walijua insha nzuri ni ipi. Ila ukijumlisha alama zao kupata wa kwanza wa darasa, yule wa 19 na 3 ndiye aliyemchagua, mwenzake alikuwa anasindikiza. Anayetawanya alama zake sana anakuwa na sauti kubwa kuliko wenzake, akijua au asijue. Na kama kweli jaji ana nia mbaya, huo ndio mlango atakaopitia: hahitaji kuwapanga wenzake, anahitaji 10 moja na 2 moja.

Dunia imeshakutana na jambo hili. Kwenye mashindano makubwa ya kuruka majini, kama Olimpiki, anayeruka peke yake anapimwa na majaji 7, na kwa kila mruko alama mbili za juu kabisa na mbili za chini kabisa zinafutwa, zinabaki tatu za katikati. Jaji anayetaka kumbeba au kumkandamiza mtu anajikuta alama yake imetupwa. Ninyi hamna posho ya majaji saba. Mkipata watano, futeni ya juu moja na ya chini moja, jumlisheni tatu zinazobaki. Mkibaki na watatu, chukueni ile ya katikati tu. Jaribu kwenye ngoma yenu: Kizuiani wana 7, 8, 10, ya katikati ni 8. Charambe wana 2, 7, 8, ya katikati ni 7. Kizuiani bado wako mbele. Lakini wako mbele kwa moja, na moja hairushi viti. Alama hizo zikishawapanga matawi, yapewe 10, 7, 5, 3 kama michezo mingine. Alama ghafi zisiingie kwenye kombe la jumla kamwe.

Njia hii ina gharama yake, nisikufiche. Kikundi kitakachopiga ngoma ya ajabu, ya kuliza watu, kitapata 10 ileile ambayo kingepata kwa kushinda kwa unywele. Watu wa sanaa watalalamika, na wana hoja. Wajibu kwamba kwenye mpira nako ushindi wa 6–0 na ushindi wa penalti hubeba kombe lilelile. Kama mnataka kuuheshimu utofauti, wekeni tuzo ya pembeni ya onyesho bora la siku, nje ya pointi.

Kuna kosa jingine dogo ambalo karibu kila jumuiya hulifanya, nalo ni mpangilio wa kupanda jukwaani. Ulipochunguzwa mfululizo wa matokeo ya shindano la piano la Malkia Elisabeth kule Brussels, walioangukia kupiga siku za mwanzo walikuwa na bahati mbaya kuliko waliopiga baadaye, ingawa zamu zilipangwa kwa kura. Jaji anapomsikia wa kwanza bado hajui siku ile ina viwango gani, basi anabana alama asije akaishiwa. Kwenu Mbagala ongeza kwamba kikundi cha saa tatu asubuhi kinapiga mbele ya viti vitupu. Kwa hiyo zamu zipigwe kura mbele ya viongozi wa matawi yote, zamu ya ngoma isiwe ndiyo zamu ya kwaya, na kabla ya kikundi cha kwanza kipande jukwaani kikundi cha watoto kisichoshindana, majaji wakipe alama za mazoezi. Haina gharama hata shilingi.

Sasa hili la kwamba sanaa haina goli linaloonekana. Si kweli, au ni kweli nusu. Refa wa mpira naye anaamua kwa jicho lake kama mkono uliugusa mpira au mpira uliugusa mkono. Na ushairi wa kimapokeo unahesabika kuliko watu wanavyodhani: kama kanuni yenu inataka mizani (silabi) 16 kwa mshororo, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho, basi mshororo wa mizani 15 umetoka nje ya mstari na yeyote mwenye vidole anaweza kuuhesabu. Amueni tu mapema kama ni la kimapokeo au ni shairi huru, msiyashindanishe pamoja. Ngoma ni ngumu zaidi. Rangi Tatu wakileta sindimba na Kizuiani wakaleta mdundiko, utalinganisha nini? Usilinganishe ngoma na ngoma. Linganisha kila kikundi na kazi yake: mapigo yanashikana au yanapishana, wachezaji wanaitikia ngoma au wanaikimbiza, uimbaji unasikika, maleba, yaani mavazi ya kuchezea, yanaendana na ngoma yenyewe. Vipengele vinne au vitano, kila kimoja na alama zake, vimeandikwa na kupewa matawi miezi miwili kabla. Hapo ndipo majaji wa nje wanapokuwa na maana. Bila vipengele hivyo, mgeni asiyejua mdundiko atampa alama aliyevaa vizuri.

Twende kwa mamluki. Neno hilo limebeba mambo mawili kwenye malalamiko yenu: kwamba wapigaji si wakazi wa Kizuiani, na kwamba wanalipwa kwingine. Ninyi ni jumuiya ya wakazi. Jeraha lenu ni la kwanza. La pili liliwaumiza kichwa hata wakubwa. Wengi hawajui kwamba Olimpiki yenyewe iliwahi kutoa medali za sanaa, kuanzia Stockholm 1912 mpaka London 1948, kwa usanifu majengo, fasihi, muziki, uchoraji na uchongaji. Mmarekani Walter Winans alikuwa na dhahabu ya kulenga shabaha ya 1908, akaongeza dhahabu ya uchongaji 1912. Kilichoyaua mashindano hayo ni ridhaa: wakati huo Olimpiki ilikuwa ya wasiolipwa, na wakuu wakatazama wakaona karibu wasanii wote wanaishi kwa kazi yao. Tangu hapo sanaa ikawa ya maonyesho, medali basi. Nawaomba msifuate njia hiyo. Kijana wa Kizuiani anayepiga ngoma hotelini Jumamosi kwa posho ya nauli na chakula bado ni kijana wa Kizuiani, na mkimzuia mtazuia pia fundi mzee anayefundisha wenzake.

Andikeni kanuni ya ukaazi. Kila tawi liwasilishe majina miezi mitatu kabla, kwa michezo na sanaa zote kwa daftari moja, kila jina likithibitishwa na serikali ya mtaa au mjumbe wa shina. Orodha zibandikwe ukutani siku kumi na nne. Mwenye pingamizi alete kwa maandishi ndani ya siku hizo, na zikipita, mdomo unafungwa. Nguvu ya kanuni hii iko kwenye tarehe, maana malalamiko ya mamluki huwa makali sana pale tu mtu akishafungwa. Kuhusu wanaolipwa, ningeweka kikomo, tuseme wawili kwa kikundi, waliobaki wawe wa ridhaa kabisa.

Je, sanaa itolewe kwenye kombe? Mnaweza kuitoa, na kwa mwaka mmoja mtapata amani. Mnaweza pia kuwa na makombe mawili, la michezo na la sanaa. Hii si njia mbaya, hasa kama hasira bado mbichi kiasi kwamba watu hawasalimiani, na ningeikubali kama mapumziko ya mwaka mmoja. Ila najua inaishia wapi. Wadhamini wanalifuata kombe la mpira, uwanja unajaa kwenye mpira, na mwaka wa tatu kwaya ya akina mama inaimba watu wakikunja viti. Kombe la jumla ndilo linalomfanya winga wa Charambe aende kumshangilia bibi anayeghani shairi, kwa sababu pointi za bibi ni zake. Mkiliondoa hilo mnabaki na ligi ya mchangani, na ligi za mchangani Dar es Salaam zipo tele.

Tena ushindani wa sanaa katika mji huu ni wa siku nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilikuwa vinashindana pwani nzima kwa sare, gwaride na nyimbo, na miaka ya 1990 watu wa Dar walikuwa wanajigawa kati ya vikundi vya burudani vya TOT na Muungano kama wanavyojigawa kati ya Simba na Yanga. Vijana wanaosema sanaa si mashindano hawajawauliza wazazi wao. Kwa hiyo mimi ningeshika kombe moja, ngazi moja ya pointi kwa fani zote, na ningeongeza fani moja ya sanaa, labda uchoraji, ziwe nne kwa nne.

Kuna mambo ambayo barua yangu haitoshi. Kama katika vurugu za viti kuna aliyeumia, hilo halimalizwi na kikao cha jumuiya. Mtu huyo alipaswa kwenda polisi kuchukua fomu ya matibabu ya PF3 na kutibiwa, na kama kuna anayetishwa mpaka leo, nendeni kituoni. Kama kuna mgogoro wa fedha za michango au za mdhamini, tafuteni mkaguzi asiye mwanachama. Na kabla ya tangazo lolote la mwaka huu, nenda wewe mwenyewe manispaa ya Temeke ukaonane na afisa utamaduni na afisa michezo. Wakuangalizie kama jumuiya imesajiliwa panapostahili, kwa Msajili wa Jumuiya au kwingineko, na wakueleze vibali vya Baraza la Michezo (BMT), vya Baraza la Sanaa (BASATA), na vya hakimiliki kama mtapiga muziki wa watu kwenye spika. Waombe pia wawatafutie majaji, maana mara nyingi wanawajua watu wa ngoma na kwaya kuliko tunavyodhani.

Umesema wazee wanakuona mtoto. Basi usiende kuwafundisha hesabu ukiwa umesimama mbele ya ukumbi. Watembelee kabla, mmoja mmoja, jioni, ukiwa na karatasi zako. Muulize kila mmoja, “Mzee, hii 10 na 2 wewe unaionaje?” halafu nyamaza. Ukipata wawili walioiona wenyewe, mwombe mmoja wao ailete hoja kikaoni, na wewe ubaki kuandika muhtasari kama kazi yako inavyotaka. Chagua mmoja wa Charambe na mmoja wa Kizuiani.

Na kabla ya hao wote, nenda kwa jaji wa tatu. Asije akazisikia alama zake zikisomwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza siku ya kikao. Mweleze kama nilivyokueleza mimi hadithi ya walimu wawili, kwamba kasoro ni ya namna mlivyojumlisha, na umsikilize kwa nini alitoa 2. Huenda alikiona kitu kwenye ngoma ya Charambe ambacho wenzake hawakukiona, na ndicho kitakachokuwa kipengele cha kwanza kwenye fomu yenu mpya.